Sheria ya kuadhibu uzushi tunayo, somo la kuutambua liko wapi?

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Taasisi ya Elimu Tanzania. Baraza la Mitihani la Tanzania. Na maofisa elimu wa mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa.

YAH: OMBI LA KUFUNDISHA UHAKIKI WA HABARI SHULENI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kata, wilayani Rungwe. Ninaomba mwanafunzi wa Tanzania afundishwe darasani, kwa vipindi vilivyopangwa na kwa maswali yanayotahiniwa, namna ya kuipima habari kabla ya kuiamini na kabla ya kumrushia mwenzake. Yanayofuata ni sababu zangu, pamoja na namna ninavyoona jambo hili linawezekana hata kwenye shule isiyo na kompyuta wala umeme wa uhakika.

Nianze na sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu mtu anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kijana anayemaliza kidato cha nne leo amekaa darasani miaka 11. Amejifunza usanisinuru, amejifunza Vita vya Majimaji, amechora ramani ya Bonde la Ufa. Hakuna kipindi hata kimoja katika miaka hiyo ambamo mtu alimwekea mbele taarifa yenye nembo ya kughushi akamwambia: haya, nionyeshe ilipoharibika. Akimaliza anapewa simu, na sheria inaanza kumhesabu mtu mzima. Mimi siipingi sheria kuwapo. Ninachosema ni kwamba tumemwandalia adhabu kabla ya kumwandalia somo.

Huku kwetu nyanda za juu tumekua na habari za mumiani na chinjachinja. Watoto wanazisikia kwa bibi zao, na zilikuwapo kabla ya simu kuingia vijijini. Kwa hiyo anayedhani uzushi umeletwa na WhatsApp hajakaa na wazee wetu. Lakini masimulizi haya yana gharama, na gharama hiyo tumeilipa kwa damu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na kundi la watu, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wameenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulishapita kwamba ni wanyonya damu. Mwaka uliofuata, Septemba na Oktoba 2017, uvumi wa aina hiyohiyo uliwasha moto kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu kadhaa waliuawa, Umoja wa Mataifa ukahamisha watumishi wake kwa muda, na serikali ikaweka amri ya kutotembea usiku. Malawi tunapakana nayo hapo mto Songwe. Watu wa Kyela na Ileje wana ndugu upande ule, na maneno huvuka mpaka bila pasipoti.

Shule nazo zimeshaonja. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, wanafunzi wa shule za msingi walipokuwa wanapewa dawa za kichocho na minyoo, ulisambaa uvumi kwamba dawa zinaua. Kukatokea fujo, wazazi wakavamia shule kuwatoa watoto, zoezi likasimamishwa. Wakati ule wengi walikuwa na simu za tochi. Ujumbe mfupi na mdomo vilitosha.

Sasa niseme la kwetu. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14; tangu 2024 ni dozi moja, kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na chanjo yenyewe hutolewa zaidi shuleni, mbele yetu walimu. Siku moja kabla ya wahudumu wa afya kufika kwetu, magrupu ya wazazi yalikuwa yanazungusha sauti ya dakika chache. Mwanamke mwenye sauti ya upole anasema yeye ni nesi wa hospitali kubwa, na kwamba mabinti wakichanjwa hawatazaa. Asubuhi mama mmoja alinifuata ofisini, simu mkononi.

"Mwalimu, huyu naye anadanganya? Si nesi huyu?"

Sikumwambia kwamba anadanganya. Nilimwomba tuisikilize pamoja, polepole. Nikamuuliza, "Mama, amesema anaitwa nani?" Akarudisha nyuma, akasikiliza. Hakuna jina. "Hospitali gani?" Hakuna. "Ameongea lini, mwaka huu au mwaka juzi?" Akanyamaza. Tulipoirudia tena ndipo aliposema mwenyewe: "Kumbe hajasema hata neno moja la kumshikia huyu." Tukampigia nesi wa zahanati yetu, ambaye anamfahamu kwa jina na wanakutana naye gulioni, akamweleza vizuri. Akaniambia "ndaga, mwalimu," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka. Binti yake alichanjwa. Wasichana wengine hawakuja shuleni siku ile, na wazazi wao hawakuja kuuliza.

Yale maswali niliyomuuliza yule mama ndiyo elimu ninayoiombea vipindi. Hayakuhitaji bando wala kompyuta. Yalihitaji mtu wa kumzoeza kuyauliza, na mtu huyo alipaswa kumfikia akiwa kidato cha kwanza, si akiwa na mtoto wa kidato cha kwanza.

Nimesikia mara nyingi kwenye vikao kwamba elimu ya kawaida inatosha, kwamba mtu akisoma sana hawezi kudanganywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilipima hilo. Waliwakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki habari 10 wa kazi hiyo, na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti za kuzipima. Wanahistoria na wanafunzi wengi walinaswa na mambo ya juujuu: nembo nzuri, jina lenye heshima, lugha ya kitaalamu. Wahakiki hawakukaa kwenye ukurasa. Walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuuliza watu wengine wanasema nini juu ya hawa, na wakafika kwenye ukweli kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo shahada peke yake haimkingi mtu, maana huu ni ujuzi wake wenyewe na mtu asipofundishwa hana. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna wazazi wasomi, na walimu wenzangu pia, wanaorusha chochote kinachoanza na maneno "TAARIFA KWA UMMA" kwa herufi kubwa.

Mfano ulio jirani zaidi, na unaonipa moyo kuliko yote, ni wa Uganda. Mwaka 2016, watafiti wa Makerere na wenzao wa Norway walifanya jaribio katika shule za msingi 120 za Uganda ya kati, kwa watoto zaidi ya 10,000 wenye umri wa miaka 10 hadi 12. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha hadithi za michoro na mwongozo wa mwalimu, masomo 9 ya dakika 80, kwa muhula mmoja. Kilichofundishwa ni namna ya kupima madai ya tiba. Mtu akipona baada ya kutumia dawa, je, ni dawa iliyomponya au angepona tu? Dawa iliyotumika miaka mingi na babu zetu, umri wake unathibitisha kwamba inatibu? Aliyesema ananufaika na nini? Mwisho wakapewa mtihani mmoja shule zote. Katika shule zilizofundishwa walifaulu asilimia 69 ya watoto. Katika zile ambazo hazikufundishwa, asilimia 27. Ni madarasa ya Afrika Mashariki haya, yenye msongamano kama wetu na ubao kama wetu, na watoto wa darasa la tano.

Nikiusoma utafiti ule namkumbuka kila mtu aliyepanda gari mwaka 2011 kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji aliyesemekana anaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Walitoka hadi Mbeya na Iringa, safari ya siku kadhaa, wengine wakiwa hoi. Siwalaumu, mgonjwa hutafuta. Lakini katika umati ule wote swali moja halikuulizwa kwa sauti: waliokunywa wamepimwa kabla na baada, na ni wangapi? Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa sababu hiyo. Mtoto wa darasa la tano wa Uganda, baada ya muhula mmoja, angeliuliza.

Niwaeleze ninavyofanya kwa sasa, kwa kuchomeka ndani ya kipindi cha ufahamu. Ninaleta picha niliyoikata gazetini, ya tope lililoporomoka Katesh, chini ya mlima Hanang, Desemba 2023. Maelezo ya chini yake nimeyaondoa, na badala yake nimeandika kwa kalamu "Itezi, Mbeya". Itezi wanaijua. Tarehe 14 Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifunika nyumba na shule pale, na baadhi ya wanafunzi wangu wana ndugu huko. Picha ikizungushwa, wengi huamini palepale na kuanza kusikitika. Mara ya kwanza kulifanya zoezi hili, binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha kidole: "Mwalimu, migomba iko wapi?" Darasa likacheka, kisha likanyamaza, wakaanza kuivuta picha kila mtu upande wake. Kweli, hapakuwa na mgomba hata mmoja, na udongo ulikuwa wa rangi nyingine. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana kama kukosekana kwa mgomba kunatosha kuwa ushahidi. Hakutoshi, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: nani alipiga, lini, gazeti gani, nani mwingine aliyeripoti, na tungemuuliza nani Itezi ili tuwe na uhakika. Kipindi cha dakika 40 hakikutosha. Kilichofuata kilikuwa cha kwenye azimio la kazi na nilikuwa nimeshachelewa mada mbili.

Ndiyo sababu nasema "kuchomeka" hakutoshi. Mwalimu anayefanya hivi leo anafanya kwa hiari yake, anaiba muda wa mada nyingine, na mdhibiti ubora akija hana pa kulionyesha kwenye andalio la somo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeandika kwamba mwanafunzi ajengewe fikra tunduizi, na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imesisitiza ujuzi unaomfaa mtu maishani. Msingi upo. Kinachokosekana ni kulitaja jambo kwa jina lake ndani ya mihtasari, katika masomo yaliyopo, bila kuongeza somo jipya kwenye ratiba iliyojaa. Kwenye Kiswahili liingie upande wa ufahamu na uandishi wa taarifa. Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili liingie pale tunapofundisha vyanzo, maana kupima chanzo ndiyo kazi ya mwanahistoria tangu zamani. Kwenye Baiolojia, madai ya tiba na chanjo. Kwenye Hisabati, grafu iliyokatwa chini ili tofauti ndogo ionekane mlima. Finland, nchi inayosifiwa sana kwa hili, imeligawa hivyohivyo katika masomo yote.

Kwa Baraza la Mitihani nina neno fupi. Kisichotahiniwa hakifundishwi, wote tunalijua hilo. Wekeni swali moja tu kwenye mtihani wa kidato cha pili: barua ya kughushi, au ujumbe wa kuzungushwa, mwanafunzi aeleze angehakiki vipi. Mwaka utakaofuata kila shule nchini itakuwa inafundisha. Na nyinyi mna sababu yenu ya ziada, kwa kuwa kila msimu wa mitihani makundi ya Telegram yanawauzia watoto "pepa" za uongo, na wapo wanaouza simu zao kuzinunua.

Upande wa utapeli wa fedha sihitaji kuwaeleza mengi. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa, wa huku kwetu, miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. "Ile hela tuma kwenye namba hii" kila mmoja ameipokea. Ya wazazi wenye watoto bweni ni mbaya zaidi: mtu anapiga usiku akijiita matroni, mwanao amezidiwa, tuma hela ya matibabu sasa hivi. Mzazi aliyeko shambani Mbarali anakopa jirani, anatuma. Wangapi kati yao wanajua kwamba ujumbe kama huo na namba yake huripotiwa kwa kutumwa kwenye namba 15040? Mwanafunzi akifundishwa shuleni, nyumbani atawafundisha watano.

Kuna watakaosema simu haziruhusiwi shuleni, basi jambo hili lisubiri. Siombi zuio la simu liondolewe. Nimeeleza hapo juu kwamba nimefundisha kwa kipande cha gazeti. Tena kuitegemea mashine kungetupotosha, maana akili mnemba sasa inatengeneza sauti ya mtu na sura yake ikasema asichosema. Zile mbinu za kuhesabu vidole kwenye picha zinapitwa na wakati haraka. Kitakachobaki na mtoto ni mazoea ya kuuliza habari imetoka wapi na nani mwingine anaithibitisha, na mazoea hayo hujengwa kwa chaki.

Walimu tunahitaji kufundishwa kwanza. Vyuo vya ualimu tunavyo hapa hapa, Tukuyu, Mpuguso na Kleruu, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kipo Iringa. Aliye kazini anaweza kufikiwa kwa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo tayari inatukutanisha shuleni na kwenye vituo vya walimu. Wahakiki wa Nukta Fakti na JamiiCheck wanafanya kazi hii kwa Kiswahili, kwa mifano ya Kitanzania, waalikwe watufundishe. Vitabu vikiletwa vyote vya Kiingereza, vyenye mifano ya uchaguzi wa Marekani, tutakuwa tumepoteza fedha.

Nimeacha kwa makusudi jambo lililo gumu kulisema. Walimu tunaogopa. Nikiingia darasani na taarifa ya kughushi yenye nembo ya Taifa ili wanafunzi waichambue, mtu anaweza kuniuliza nimeitoa wapi na kwa nini ninayo. Nikiuliza darasa tunajuaje kwamba tangazo fulani la ofisi ya umma ni la kweli, ipo hatari ya kuonekana nachochea. Naomba waraka wa elimu utakaosema wazi kwamba kuhakiki taarifa yoyote darasani, ikiwemo inayoitaja serikali, ni sehemu ya ufundishaji, na mwalimu hataulizwa kwa hilo. Mtoto akifundishwa kuhakiki habari za watu fulani tu, na nyingine azipokee kichwa chini, hatakuwa amejifunza kuhakiki.

Na ofisi zenu zimsaidie huyo anayehakiki apate pa kuhakikia. Nawaambia wanafunzi waende kwenye chanzo rasmi. Wakifika wanakuta ukurasa wa halmashauri haujaguswa miezi, au tamko linatoka siku ya tatu wakati uzushi ulitoka saa ya kwanza. Intaneti ilipozimwa tarehe 29 Oktoba 2025, tetesi hazikuzimwa. Zilipita kwa simu za kawaida, kwenye daladala, kwenye foleni ya bombani, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda kuzipima. Wanafunzi wangu walinijia na maswali ambayo sikuwa na chanzo cha kuwaelekeza. Wizara ikichelewa kusema, grupu la WhatsApp halichelewi, na likinyamazishwa, mtaa hauchelewi.

Ombi langu la mwisho ni la kuanza kidogo na kuanzia huku. Chagueni shule chache katika mikoa yetu mitano, za mjini na za kata, Mwanjelwa na Makete, Tunduma na Kilolo. Zipeni mwongozo mfupi wa Kiswahili na muhula mmoja. Mkwawa wapime kabla na baada, kama walivyopima Uganda, na matokeo yatangazwe yote, hata pale tutakaposhindwa. Maazimio ya kazi ya mwaka ujao yanaandaliwa Desemba, kwa hiyo mwongozo ukitufikia Novemba tutakuwa hatujachelewa. Walimu wa kuanza nao wapo. Katika shule yangu pekee tuko wanne, na tuko tayari kutumia likizo yetu ya Juni kuandaa mifano.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kiswahili na Historia
Rungwe, Mbeya